Usukani Unaocheza, Unaogoma au Unaojinyoosha Wenyewe: Kutatua Matatizo ya Hedseti ya Thredi

Hedseti ya thredi ndiyo inayoushika uma wa baiskeli ndani ya shingo ya fremu na kuuacha ugeuke bila kuyumba. Baiskeli nyingi zinazobeba watu na mizigo Afrika Mashariki zina hedseti ya aina hii: zile nzito za breki za vyuma (zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya kebo) kutoka India na China, ambazo Wakenya huziita Black Mamba, na zile za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele. Malalamiko kuhusu usukani wa baiskeli hizi ni mengi, na kwa mafundi wengi dawa yake huwa moja tu, yaani kuikaza nati ya juu. Hata hivyo, katika matatizo yatakayoelezwa hapa, ni moja tu linalotibika kwa kukaza, na hata hilo si kila mara.

Ili dalili zieleweke, ni lazima mpangilio wa vifaa uwe wazi. Tukianzia chini, juu ya bega la uma hukaa koni ya chini, ambayo hugongwa mpaka ikabana kwenye bomba la uma. Juu yake huja gololi, kisha kikombe cha chini, kilichobanwa ndani ya mdomo wa chini wa shingo. Mdomo wa juu wa shingo nao una kikombe chake na gololi zake, na juu ya gololi hizo huzungushwa koni yenye thredi, ambayo ndiyo ya kurekebishia. Kisha huwekwa washa yenye jino dogo linaloingia katika mfereji uliochongwa kwenye bomba la uma, na mwisho kabisa nati ya kufungia. Koni hupanga nafasi ya gololi. Nati haipangi chochote. Kazi yake ni kuibana koni isiondoke pale ilipopangwa. Anayetumia nati kuondoa mlegezo bila kuigusa koni amevitumia vifaa viwili kana kwamba ni kimoja, na baiskeli yake itarudi kwa fundi upesi.

Kupima kabla ya kushika spana

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kufunga breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole vikiwa vimegusa mahali kikombe kinapokutana na koni. Vidole vikihisi vyuma viwili vinaachana na kurudiana, hedseti inacheza. Kipimo hiki ni kizuri kwa baiskeli yenye breki za kebo zilizo imara, lakini hudanganya sana kwenye baiskeli yenye breki za vyuma, kwa sababu vyuma vyenyewe vina viungo vinavyocheza, na raba za breki, ambazo huvutwa juu zikabana upande wa ndani wa rimu, nazo husogea kidogo. Kwa baiskeli kama hiyo ni afadhali kuinua gurudumu la mbele kutoka ardhini, kuushika uma kwa chini karibu na ekseli, na kuuvuta mbele na nyuma bila kugusa breki kabisa. Gurudumu lenyewe lisishikwe, maana habu iliyolegea huleta hisia ileile, na watu wengi wamefungua hedseti nzima ilhali tatizo lilikuwa koni za habu.

Kipimo cha pili ni cha uzito. Gurudumu likiwa juu, fremu iinamishwe kidogo upande mmoja, kisha usukani uachwe. Unapaswa kuanguka wenyewe kuelekea upande huo, taratibu na bila kukwama. Kama kebo au vyuma vya breki vinauzuia, vifunguliwe kwanza ili kipimo kiwe cha haki. Kipimo cha tatu ni kuugeuza usukani polepole sana kwa vidole viwili, kutoka kulia hadi kushoto, na kusikiliza kwa mkono: kuna mchanga, kuna mahali unapopenda kutulia, kuna upande ulio mzito kuliko mwingine? Majibu ya vipimo hivi vitatu yakiwekwa pamoja, sababu huwa zimebaki chache.

Usukani unaocheza

Kama mlegezo upo na usukani unageuka kwa ulaini kote, tatizo ni la marekebisho, na hapa spana ina kazi. Hedseti za bomba la inchi 1 kwa kawaida huhitaji spana ya milimita 32, na koni huhitaji spana nyembamba kwa sababu kingo zake ni fupi. Spana malaya iliyokazwa vizuri inaweza kutosha kwa nati ya juu, lakini tindo na nyundo, ambavyo bado vinaonekana kwenye vijiwe vingi, humega kingo za nati na kuiacha katika hali ambayo hakuna spana itakayoishika tena.

Nati ya kufungia ilegezwe huku koni ikiwa imeshikwa, kisha koni izungushwe kwa mkono kufuata mwendo wa saa mpaka mlegezo unakaribia kwisha. Neno "unakaribia" ni la kuzingatiwa. Thredi za koni zina nafasi ndogo ndani yake, na nati inapokazwa huisukuma koni chini kiasi cha nafasi hiyo, kwa hiyo koni iliyopangwa sawasawa kabla ya kufunga itakuwa imebana baada ya kufunga. Iachwe na mlegezo mdogo sana, ishikiliwe kwa spana isizunguke, na nati ikazwe kwa nguvu. Kisha vipimo virudiwe.

Matokeo ya mara ya kwanza huwa sahihi kwa nadra. Kama bado inacheza, nati ilegezwe, koni ipewe sehemu ndogo ya mzunguko, na kufunga kurudiwe. Kama imebana kidogo tu, kuna njia ya mkato ambayo haifahamiki vya kutosha: nati ishikwe kwa spana moja isisogee, kisha koni izungushwe kwa spana ya pili kinyume cha mwendo wa saa, ipande kuelekea nati. Kwa kufanya hivyo, gololi hupata nafasi na papo hapo koni na nati hubanana zaidi.

Jambo moja la mpangilio wa kazi: shina la usukani (kile kipande kinachoshuka kutoka kwenye usukani na kuingia ndani ya bomba la uma) liwe limeshaingizwa na kukazwa kabla ya marekebisho ya mwisho. Kabari iliyo chini ya shina hulitanua bomba la uma kidogo, na kama imekaa usawa wa thredi, hedseti iliyokuwa sahihi hubana au nati hugoma kuzunguka.

Inayolegea tena na tena

Hili ndilo tatizo linalowapotezea watu fedha, kwa kuwa kila ukazaji hufanikiwa kwa siku chache na kisha mlegezo hurudi. Ukiona hedseti inahitaji kukazwa zaidi ya mara moja baada ya kurekebishwa vizuri, acha kukaza na anza kutafuta.

Cha kwanza ni washa. Jino lake linapokatika, washa huzunguka pamoja na nati na kuiburuta koni, kwa hiyo kila nati inapokazwa koni nayo huhama. Wakati mwingine washa haipo kabisa, kwa sababu ilipotea siku baiskeli ilipofunguliwa na mtu akaona nati mbili zinatosha. Mfereji wa bomba nao unaweza kuwa umepanuka kwa kukwaruzwa na jino, na hapo washa mpya hukaa ikitikisika. Badala yake, washa ya kawaida isiyo na jino inaweza kutumika, mradi koni ishikwe kwa spana yake wakati wote nati inapokazwa.

Cha pili ni urefu wa bomba la uma. Nati nyingi za kufungia zina ukingo kwa juu unaokaa juu ya mdomo wa bomba. Bomba likiwa refu kupita kiasi, ukingo huo hugonga mdomo wa bomba kabla nati haijaibana washa. Fundi huhisi nati imefika mwisho na imekaza, na kweli imekaza, lakini imelikaza bomba, wala koni haikuguswa. Hali hii hutokea sana kwa baiskeli za Kijapani ambazo kishikio cha kikapu au cha taa kilichokuwa kati ya koni na nati kimeondolewa: unene wa kile kipande cha bati ulikuwa sehemu ya hesabu ya urefu. Tiba ni kuongeza washa ya milimita 1 au 2 mahali pake. Kinyume chake pia hutokea. Mtu huongeza kishikio kinene, nati ikabaki kushika thredi mbili tu za juu, na thredi hizo huchanika. Kishikio cha bati laini nacho, hata pale nafasi inapotosha, huendelea kubonyea kwa wiki kadhaa, na kila kikibonyea nati hupoteza mkazo wake.

Cha tatu ni kikombe kilicholegea ndani ya shingo. Vidole viwekwe kati ya kikombe na fremu, si kati ya kikombe na koni, wakati wa kipimo cha kwanza. Kama kikombe kinasogea au kinazunguka, mdomo wa shingo umetanuka, na kwa kawaida umekuwa yai badala ya duara baada ya baiskeli kutumika muda mrefu ikiwa inacheza. Kipande cha kopo la soda kilichokatwa na kuzungushwa kwenye kikombe kabla ya kukigonga kinaweza kusaidia kwa muda, na sioni sababu ya kukidharau pale duka la vipuri lilipo mbali, lakini fremu ichunguzwe kwa makini kabla ya kuamua hivyo. Ufa wa rangi wenye mstari wa kutu chini ya shingo, pale bomba la chini la fremu linapoungana nayo, maana yake baiskeli hiyo haiendeshwi tena mpaka ichomelewe na mtu anayejua kazi hiyo, au fremu ibadilishwe.

Ikiwa washa ni nzima, urefu ni sahihi na vikombe vimebana, uma utolewe nje na bomba lake lisafishwe kwa mafuta ya taa na kukaguliwa kwenye mwanga. Nyufa hupenda sehemu mbili: karibu na bega la uma, juu kidogo ya koni ya chini, na mwisho wa thredi, hasa pale mfereji wa washa unapodhoofisha chuma. Bomba lenye ufa halichomelewi. Likikatika mwendoni, usukani hubaki mikononi mwa mwendeshaji huku gurudumu likielekea kwingine.

Usukani mzito

Usukani usioanguka wenyewe katika kipimo cha pili una sababu za kawaida zinazoeleweka haraka: koni imekazwa mno, grisi imekauka, au maji yameingia na kuleta kutu. Gurudumu la mbele hurusha maji na mchanga moja kwa moja kwenye kikombe cha chini, na baiskeli isiyo na madigadi ya mbele huumia zaidi. Katika miji ya pwani chumvi huharakisha kutu. Kama koni ikilegezwa kidogo uzito hauondoki, hedseti ifunguliwe na kusafishwa; kumwagia mafuta kwa nje huosha grisi iliyobaki na kuingiza uchafu ndani. Baada ya kusafisha, pete iliyokatwa kutoka tyubu ya zamani, ikivalishwa juu ya kiungo cha chini, huzuia maji vizuri kuliko vifuniko vingi vya kununuliwa.

Kuna kisa kimoja cha pekee. Baadhi ya baiskeli za Kijapani zina kufuli ndani ya shingo, lililounganishwa na kufuli la gurudumu la nyuma, ili ufunguo mmoja ufunge vyote viwili. Mwaka 2019 kampuni ya Bridgestone Cycle ilitangaza kuziita baiskeli zenye kufuli la aina hiyo zirudishwe kwa marekebisho, kwa kuwa kifuniko chake kiliweza kupasuka na usukani ukashindwa kugeuka. Anayenunua baiskeli ya mtumba yenye sanduku la plastiki kwenye shingo alikague kama lina nyufa, na usukani ukigoma ghafla asihangaike na koni. Kufuli ndilo la kutazamwa.

Usukani unaojinyoosha

Mwendeshaji husema baiskeli inakataa kukunja kidogo: hutaka ama kwenda moja kwa moja au kugeuka kwa mruko, na kuachia mikono kumekuwa kugumu. Gurudumu likiinuliwa na usukani kugeuzwa taratibu, huhisiwa ukitumbukia mahali pamoja katikati na kutulia hapo. Gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe na koni, kila gololi na kishimo chake, na baiskeli inaponyooka zote hurudi nyumbani kwa wakati mmoja.

Wengi huamini kwamba vishimo hivi ni alama za mashimo ya barabara, yaani kwamba pigo kali lilizigonga gololi zikazama kwenye chuma. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani aliyeandika sana kuhusu baiskeli, aliipinga imani hiyo, na hoja yake inashawishi. Baiskeli inapokwenda moja kwa moja kwa muda mrefu, gololi hazizunguki. Hukaa palepale huku uma ukipinda na kurudi kwa kiasi kidogo sana. Mtikisiko huo mdogo huisukuma grisi pembeni, chuma hugusa chuma, na chembechembe hunyofolewa kidogo kidogo. Ndiyo maana tatizo huonekana pia kwa baiskeli za barabara laini, na ndiyo maana huanza chini, kwenye beringi inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Hedseti inayocheza au iliyokauka grisi huchakaa haraka zaidi.

Kulegeza koni huificha dalili na kuleta mlegezo. Kuikaza huongeza uchimbaji. Dawa halisi ni kubadilisha vikombe, koni na gololi. Kama vipuri havipatikani, kuna nafuu moja: kikombe na koni ya chini zigongwe nje na kurudishwa zikiwa zimezungushwa kidogo, au gololi zilizo kwenye keji (pete ya chuma inayozishika pamoja) ziondolewe na gololi huru ziwekwe mahali pake. Kwa kuwa keji hubeba gololi chache kuliko zinazoweza kuenea bila keji, gololi mpya hazitakutana zote na vishimo vya zamani kwa wakati mmoja, na usukani hulainika kwa miezi kadhaa. Mimi hupendelea gololi huru hata kwa hedseti mpya ya baiskeli ya mizigo, kwa sababu mzigo hugawanywa kwa wengi zaidi.

Inayobana upande mmoja na kulegea upande mwingine

Hapa marekebisho hayawezi kufanikiwa hata yafanywe na nani, kwa sababu nyuso mbili za beringi hazilingani. Huenda kikombe hakikufika mwisho kilipogongwa. Mwanga unaoonekana kati ya ukingo wake na shingo hutosha kuthibitisha. Njia salama ya kukiingiza ni kupitisha fito lenye thredi ndani ya shingo, kuweka washa nene kila upande, na kukaza nati mbili ili kikombe kiingie kwa kunyooka, badala ya kukipiga nyundo upande huu na upande ule. Huenda pia bomba la uma limepinda baada ya ajali, jambo linaloonekana bomba likilazwa juu ya kioo au ukingo ulionyooka. Au gololi moja imeruka kutoka mahali pake wakati wa kufunga na kulala pembeni, ikikwama kila mzunguko.

Keji iliyowekwa juu chini huleta dalili inayofanana. Kabla ya kufunga, keji ikalishwe kwenye kikombe, koni iwekwe juu yake na kuzungushwa kwa mkono. Kama chuma cha keji kinakwaruza, igeuzwe. Keji ya juu na ya chini mara nyingi huelekea pande tofauti, kwa hiyo kila moja ijaribiwe peke yake.

Milio isiyotoka kwenye hedseti

Mlio wa kukatika unaosikika mwendeshaji anapouvuta usukani akipanda mlima, huku vipimo vyote vikiwa vizuri, kwa kawaida hutoka kwenye shina la usukani. Litolewe, lisafishwe, lipakwe grisi na kurudishwa. Boliti yake ilegezwe mizunguko michache na kugongwa kwa kipande cha mbao ili kabari iachie. Kuizungusha mpaka itoke kabisa bila kuigonga hakusaidii kitu. Shina liingie mpaka alama yake ya kina ifichike, na mwisho wake upite chini ya sehemu yenye thredi. Usukani unaogeuka bila gurudumu kufuata nao ni suala la kabari hiyo, wala hedseti haihusiki.

Kufungua na kuchagua vipuri

Kwenye baiskeli ya breki za vyuma, chuma cha breki ya mbele kifunguliwe kwanza, la sivyo uma hautatoka. Kitambaa kitandikwe chini, kwa sababu gololi huru huanguka mara tu uma unaposhuka. Gololi za juu na za chini zitengwe, zihesabiwe na kupimwa: zilizo nyingi ni za inchi 5/32, yaani karibu milimita 3.97, lakini 3/16 pia zipo, na kuchanganya saizi, au mpya na za zamani, huacha mzigo wote kwa gololi chache zilizo kubwa zaidi. Wakati wa kurudisha, kikombe kijazwe grisi, gololi zipangwe mpaka kienee, kisha moja iondolewe ili zipate nafasi ya kuzunguka.

Hedseti za inchi 1 hazifanani zote, hata zikionekana pacha dukani. Kwa kipimo cha kimataifa, koni ya chini hukaa kwenye sehemu ya bomba yenye milimita 26.4 na kikombe huingia kwenye shingo ya milimita 30.2. Kwa kipimo cha Japani ni 27.0 na 30.0. Koni ya 27.0 kwenye uma wa 26.4 itavaa kirahisi mno na kuzunguka. Koni ya 26.4 ikilazimishwa kwenye uma wa 27.0 inaweza kupasuka. Kwa hiyo kipimo cha vernia kitumike, au uma wenyewe upelekwe dukani. Thredi za kawaida ni 24 kwa inchi, lakini baiskeli za zamani za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zilikuwa na 26. Koni mpya ijaribiwe kwa mkono mtupu: ikizunguka mara mbili au tatu kisha ikakataa, haifai kusaidiwa kwa spana, kwa sababu itakayochanika ni thredi ya uma, na uma ni ghali kuliko koni.